Vivumishi ambatani vya Kiingereza vinapokataa kutamkika: dalili, vyanzo na tiba

Kiingereza kina vivumishi vinavyoundwa kwa kuunganisha maneno mawili au zaidi: *well-known*, *old-fashioned*, *thick-skinned*, *up-to-date*. Kuviandika si kazi kubwa. Ukishajua kistari kinakaa wapi umemaliza. Kazi iko mdomoni. Mtu ana msamiati mpana, kivumishi anakijua barabara pamoja na maana yake, anakisema, na anayemsikiliza anamwomba arudie. Anarudia kwa sauti kubwa zaidi, na bado haeleweki.

Wengi wakifikwa na hili hulaumu sauti ngumu, hasa *th*. Mimi naona hapo wanamsingizia asiye na kosa. Anayesema *thamani* na *dhahabu* tayari anazo *th* zote mbili za Kiingereza. Kinachotuangusha wazungumzaji wa Kiswahili ni irabu tunazoongeza bila kujua, na mkazo unaohama kwa sababu ya irabu hizo. Kwa hiyo dalili zilizo hapa chini hazina uzito sawa. Kama hujui uanzie wapi, anza na ya kwanza. Hiyo ikipona, nyingine kadhaa huondoka zenyewe.

Kabla ya yote, pima

Weka kiganja chini ya kidevu, sema neno polepole, uhesabu taya limeshuka mara ngapi. Kila kushuka ni silabi moja. Halafu jirekodi kwenye simu ukilitumia neno hilo ndani ya sentensi, kwa kasi yako ya kawaida, maana mtu akijua anapimwa neno moja hujirekebisha. Linganisha na kamusi yenye sauti.

Zinazohesabiwa ni sauti za irabu, si herufi. *Homemade* imeandikwa kwa herufi nne za irabu lakini ina silabi mbili tu, kwa sababu *e* zote mbili hazitamkwi. *Lifelike* ni mbili, *large-scale* mbili. *Time-consuming* ni nne, *absent-minded* nne, *happy-go-lucky* tano. Ukipata zaidi ya hapo, ugonjwa wako ni huu unaofuata.

Dalili: silabi zako ni nyingi kuliko za kamusi

Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia na irabu. Neno la kigeni likija na konsonanti mwishoni tunalifungia kwa irabu, na konsonanti mbili zikiandamana mara nyingi tunazitenganisha: benki, tiketi, burashi, silesi. Kwa maneno ya kukopa hakuna ubaya wowote, ndivyo lugha inavyomkaribisha mgeni. Ubaya huja tunapokitamka Kiingereza chenyewe kwa utaratibu huohuo.

Chukua *thick-skinned*. Kina silabi mbili: thik-skind. Kikipita kwenye kinywa kilichozoea silabi wazi hutoka thi-ki-ski-ni-di, silabi tano. *First-class*, nacho cha silabi mbili, hutoka fe-si-ti-kla-si. Na hasara haiishii kwenye hesabu. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha maneno machache, mengi yao yenye asili ya Kiarabu. Ukiongeza irabu mwishoni, silabi ya pili kutoka mwisho si ileile tena, na mkazo unahamia penye hiyo mpya. *Waterproof*, ambacho mkazo wake uko mwanzoni kabisa, WO-ta-pruf, kinageuka wo-ta-pu-RU-fu. Msikilizaji wa Kiingereza hulishika neno kwa silabi yake yenye mkazo. Ukimpa RU, anatafuta kichwani neno lenye RU, na neno hilo halipo.

Tiba tunayo humuhumu kwenye Kiswahili. Sema *labda*. Sema *maktaba*, *daftari*, *alfajiri*. Maneno haya yana silabi zilizofungwa kwa konsonanti, na hakuna anayesema maki-taba. Sasa sema *maktaba* tena, uishie kwenye mak. Nyuma ya ulimi imeziba hewa na hujaiachia. K hiyo iliyozibwa ndiyo ya *thick*. Nenda mbele kidogo, sema makt- ukate kabla ya a: hiyo kt ndiyo inayofunga *picked* kwenye *hand-picked*. Ft ya *daftari* ndiyo ya *soft-spoken* na *left-handed*. St ya *mstari* ndiyo ya *last-minute*. L ya *alfajiri* ndiyo ya *well-paid*, na ya *well-known* pia, ambacho *k* yake haitamkwi. B ya *labda*, ile inayosikika midomo ikiwa imefungwa, ndiyo ya *absent*.

Tukijenge *thick-skinned* kipande kwa kipande. Anza na thi ya *thibitisha*, uifunge kwa k ya *maktaba*: thik. Usiiachie. Hewa ikiwa bado imezibwa, ingia kwenye sk ya *sketi*, ila uipe irabu i: thik-ski. Sasa ncha ya ulimi inapanda nyuma ya meno ya juu kutoa n, na inabaki hapohapo kutoa d, kwa sababu n na d hutamkwa mahali pamoja. Kosa hutokea ulimi unaposhuka. Ukishuka huku koo bado linatetemeka, irabu imeshaingia na umesema skindi. Kata sauti kwanza, ulimi ushuke baadaye. Ukiweka vidole kooni utahisi ni kipi kimetangulia.

Mwisho wa neno ukiendelea kukushinda, kuna hila. Mpe jirani anayeanza na irabu. *Hand-picked apples* hutoka mdomoni hand-pik-tapls, yaani t ya mwisho imepata irabu ya kuegemea na silabi imekuwa wazi kama tulivyozoea. *Well-dressed actor*, *thick-skinned editor*, vivyo hivyo. Sema hivyo mpaka mdomo uzoee, kisha anza kulinong'oneza neno la pili, halafu lifikirie tu bila kulitoa. Kinachobaki ni kivumishi kilichofungwa vizuri.

Na palipojaa konsonanti kupita kiasi, jua kwamba wenyewe Waingereza na Wamarekani hawazisemi zote. T au d iliyobanwa katikati ya konsonanti mbili huangushwa katika usemi wa kawaida, hata ulio rasmi: *last-minute* hutoka las-minit, *soft-spoken* hutoka sof-spoukn, *first-class* hutoka firs-klas. Hili ndilo jambo ninalotamani kila mwanafunzi wa Kiingereza alisikie mapema: ukibanwa, angusha konsonanti, usiongeze irabu. Konsonanti ikipungua msikilizaji haoni pengo. Irabu ikizidi ameshapewa neno jingine. Ila kinachofuata kikiwa irabu au h, acha t na d zisikike, kama kwenye *left-handed* na *kind-hearted*.

Mwanzoni mwa silabi hatuna shida kubwa. Sk na st tumeshazizoea kwenye *sketi* na *stempu*. Angalia tu fr, br, dr na bl: *sugar-free* iishie na fri, si firi.

Dalili: kila -ed inatoka "edi"

Vivumishi ambatani vingi huishia na *-ed*, hivyo anayekosea hapa anakosea siku nzima. Tazama sauti iliyotangulia. Ikiwa t au d, basi *-ed* ni silabi kamili, inayotamkwa id: *short-sighted*, *deep-rooted*, *cold-blooded*, *absent-minded*. Ikiwa ni sauti nyingine yoyote, *-ed* haiongezi silabi hata moja. Baada ya sauti isiyotetemesha koo, kama k, p, s au f, inakuwa t tupu: *half-baked* ni haf-beikt, *well-dressed* ni wel-drest. Baada ya sauti inayotetemesha koo, irabu zikiwemo, inakuwa d tupu: *good-natured*, *bad-tempered*, *blue-eyed*. Cha mwisho hicho kina silabi mbili. Ukipata tatu, umesoma herufi.

Kuna wachache wasiotii. *Naked*, *wicked*, *rugged* na *crooked* ni vivumishi vya silabi mbili ingawa havina t wala d kabla ya *-ed*. *Three-legged* inakubali njia zote mbili, legid na legd. Anayechekesha zaidi ni *aged*. Ukimwita mtu *an aged man*, yaani mzee sana, ni silabi mbili, ei-jid. Ukisema *middle-aged*, mtu wa makamo, ni silabi moja, eijd. Kwa hiyo *middle-aged* kwa jumla ina silabi tatu, na ei-jid hapo ni kosa.

Tukiwa hapo: silabi ya pili ya *middle* haina irabu. Ni l inayojitegemea. Vivyo hivyo n ya *fashioned*: *old-fashioned* ni silabi tatu, na ya mwisho ni shnd, bila o wala e. Wengi hulazimisha "sho-ned" kwa sababu macho yameona *o*. Lakini anayesema *mtu* na *nchi* ameshabeba silabi kwa m na n tangu utotoni. N ya *nchi* ipeleke mwishoni mwa neno, kazi imekwisha. Wasemaji wa lugha nyingine nyingi hutaabika sana na jambo hili, sisi tumelipewa bure.

Dalili: hesabu ni sawa, mkato si sawa

Kwa Kiswahili *panda* ni pa-nda. Nd ni kitu kimoja, na chote huanza silabi inayofuata. Kwa Kiingereza *handed* ni han-ded: n inafunga silabi ya kwanza, d inafungua ya pili. Anayesema ha-nded kwenye *left-handed* atakuwa na silabi tatu sahihi, lakini a itarefuka na neno litasikika kama limevutwa. Ni hivyo hivyo kwa *absent-minded*. Funga n kwanza, hesabu nusu pumzi, halafu d.

Kwenye kivumishi ambatani, mkato wa kwanza hukaa kwenye kiungo, pale maneno mawili yalipokutana. Hata kama kistari kimefutwa na neno linaandikwa kwa mkupuo, kiungo kipo: life-like, home-sick, water-proof. Mfano mzuri ni *cut-rate*, cha bei ya chini. T na r zinapokuwa silabi moja kwa Kiingereza, kama kwenye *nitrate*, huungana na kutoa sauti iliyo karibu na ch. Kwenye *cut-rate* haziungani, kwa sababu kiungo kiko katikati yao. T inazibwa kama ile k ya *maktaba*, na r inaanza upya. Ukisema ka-treit, msikilizaji hasikii *cut* wala *rate*.

Hapa kuna jambo linalowachanganya watu, na wana haki ya kuchanganyikiwa. Sehemu ya pili ikianza na irabu, konsonanti ya sehemu ya kwanza huvuka kiungo mdomoni. *One-eyed* hutoka wa-naid. *Half-eaten* hutoka ha-fi-tn. *Blue-eyed* huota w ndogo katikati, blu-waid. Kwa hiyo kwenye karatasi mkato uko kwenye kiungo, na mdomoni konsonanti imehama. Yote mawili ni sahihi. Kumbuka tu kwamba konsonanti huvuka kufuata irabu. Ikikuta konsonanti upande wa pili haiungani nayo.

Dalili: silabi zote ni safi, mkazo uko pabaya

Waliofundishwa nomino ambatani za Kiingereza wanajua kwamba mkazo hukaa mwanzoni: *GREENhouse* ni kibanda cha mimea, *green HOUSE* ni nyumba ya kijani. Kanuni hiyo wanaihamishia kwenye vivumishi, na huko haifanyi kazi kwa ujumla. Kivumishi ambatani ambacho sehemu yake ya kwanza ni kivumishi, kielezi au namba, na ya pili huishia na *-ed* au *-ing*, kwa kawaida hubeba mkazo mkuu sehemu ya pili: old-FASHioned, kind-HEARTed, short-SIGHTed, hard-WORKing, good-LOOKing. Sehemu ya kwanza haifi. Ina mkazo mdogo. Zote mbili zinasikika, ya pili imezidi uzito.

Kundi moja kubwa linakwenda kinyume. *BREATHtaking*, *TIME-consuming*, *RECord-breaking*, *MOUTH-watering*, *ENGlish-speaking*: hawa mkazo wao uko mwanzoni. Kuwatenganisha na wale wa *hard-working* kuna kipimo chepesi kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili. Geuza kivumishi kuwa kitenzi, halafu uliza. Hutumia *nini*? Muda. Huvunja *nini*? Rekodi. Husema *nini*? Kiingereza. Sehemu ya kwanza ikijibu swali la nini, mkazo uende mwanzoni. Sasa jaribu *hard-working*. Hufanya kazi *vipi*? Kwa bidii. *Good-looking*, huonekana *vipi*? *Long-lasting*, hudumu *kwa muda gani*? *Far-reaching*, hufika *wapi*? Sehemu ya kwanza ikijibu vipi, wapi au kwa muda gani, mkazo uende sehemu ya pili. Mtu anaweza kutembea na kipimo hiki kwa miaka bila kukwama mara nyingi.

Nomino ikiungana na kivumishi, kipimo hicho hakikusaidii. *Ice-COLD*, *brand-NEW*, *world-FAmous* na *duty-FREE* huweka mkazo mwishoni. *HOMEsick*, *WAterproof*, *AIRtight* na *TRUSTworthy* huuweka mwanzoni. Tahajia inakupa fununu: vile vinavyoandikwa kama neno moja huelekea kuwa na mkazo mwanzoni, na vyenye kistari huelekea kuuweka mwishoni. Ni fununu tu, si sheria. *HandMADE*, *homeMADE* na *outSPOken* vimeandikwa bila kistari na mkazo wao uko sehemu ya pili. Vyenye *-made* vyote vinakwenda huko: *man-MADE*, *tailor-MADE*. Vingine fungua kamusi, hakuna aibu.

Unapofungua, angalia alama ya juu, ˈ, na ya chini, ˌ. Ya juu ni mkazo mkuu, ya chini ni mkazo mdogo, na katika alama za kifonetiki za kimataifa zote hutangulia silabi yake. Ukiona ˌæbsənt ˈmaɪndɪd, mkazo mkuu ni wa maɪn inayofuata alama. Kuna kamusi za Kimarekani za zamani zilizoweka alama baada ya silabi. Aliyejifunzia humo husoma kila neno kinyume.

Dalili: kamusi inasema hivi, watu wanasema vile

Umeangalia kamusi, umeona well-KNOWN. Umesikiliza sauti, ni well-KNOWN. Unafungua taarifa ya habari, mtangazaji anasema *a WELL-known SINGer*. Kamusi haijakosea, wala mtangazaji hajakosea.

Kiingereza hakipendi mikazo miwili mizito ibanane. Kivumishi kikikaa mbele ya nomino yenye mkazo karibu na mwanzo wake, mkazo wa kivumishi hukimbilia nyuma kwenye sehemu ya kwanza ili kuacha nafasi. Kikibaki mwishoni mwa sentensi hakina wa kumkimbia. Kwa hiyo *she works part-TIME*, lakini *a PART-time JOB*. *This book is second-HAND*, lakini *a SECond-hand BOOK*. *He is very good-LOOKing*, lakini *a GOOD-looking MAN*. Namba nazo hufanya hivyo: *thirTEEN*, lakini *THIRteen MEN*.

Kwa nini jambo hili hutupita? Kwa sababu Kiswahili huweka kivumishi baada ya nomino. Kijana mtanashati, kitabu kikuukuu. Na kila neno lina mkazo wake kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo daima kuna angalau silabi moja dhaifu kati ya mkazo na neno linalofuata. Mikazo yetu karibu haigongani kamwe, na sikio halijawahi kulazimika kuihamisha.

Mkazo unaoweza kuhama ni ule tu ulio na pa kwenda, yaani pale sehemu ya kwanza ina alama ya chini, ˌ. *Waterproof* hahami, kwa kuwa mkazo mkuu uko mwanzoni tayari. Baadhi ya kamusi huweka pembetatu ndogo iliyolala, ◂, kwenye maneno yanayohama; ukiiona, lijaribu neno mbele ya nomino na peke yake. Sauti za kamusi hutoa neno likiwa peke yake, ndiyo maana anayejifunza kwa kubofya kispika tu hubaki na nusu ya habari.

Dalili: vineno vya katikati vinasikika kuliko neno lenyewe

*Up-to-date*, *out-of-date*, *face-to-face*, *black-and-white*, *state-of-the-art*. Msomaji wa Kiswahili hutoa kila irabu kwa ukamilifu wake, kwa kuwa kwetu irabu haina cheo. A ni a, iwe na mkazo au isiwe nao. Kiingereza huzinyima chakula irabu zisizo na mkazo mpaka zibaki kivuli, sauti inayoandikwa ə. Taya limelegea, midomo haijavutwa wala kuviringwa, ulimi umepumzika katikati, sauti fupi inatoka. Hakuna herufi yake kwa Kiswahili, usiitafute.

*Up-to-date* ni ap-tə-DEIT. Ukiipa *to* u kamili na ndefu kidogo, watu husikia *two*. *Out-of-date* ni au-təv-DEIT, na *of* ina v, si f. *Black-and-white* ni blak-ən-WAIT, na d imeanguka kwa sababu ileile tuliyoiona. *State-of-the-art* ni stei-təv-dhi-AAT: *the* imepata i kwa kuwa irabu inafuata. *Down-to-earth* nayo *to* yake hubaki tu, si tə, kwa sababu hiyohiyo. Zoezi: sema silabi zenye nguvu peke yake kwanza, AP, DEIT, ukipiga meza kwa kila moja. Kisha chomeka tə katikati bila kubadilisha mapigo. Mapigo yakichelewa, tə yako bado ni kubwa.

Dalili ndogondogo

*Good-looking* inaishia "lukingi" au "luking" yenye g inayogonga. Mwisho wake ni ng' ya *ng'ombe*, basi. *Long-lasting* inazo mbili, mwisho wa *long* na mwisho wa *lasting*.

Kuna s inayozidi. Umesema *a ten-minutes walk*, na sikio limekataa ingawa kila silabi ilikuwa safi. Ndani ya kivumishi ambatani kipimo hubaki umoja: *a ten-minute walk*, *a five-year-old child*. Kosa ni la sarufi, linajificha kama la matamshi.

Na wakati mwingine kistari husikika. *Three-year-old children* ni watoto wa miaka mitatu, na hutoka kwa pumzi moja. *Three year-old children* ni watoto watatu wa mwaka mmoja, na *three* husimama kidogo peke yake kabla ya mengine kuendelea. Ukisoma orodha kwa sauti mbele ya watu, kipumziko hicho ndicho kinachowaambia idadi.

Dalili: kamusi mbili zimegawa neno moja tofauti

Vitone unavyoviona katikati ya neno kwenye kamusi nyingi, hasa za Kimarekani, havikuwekwa kwa ajili ya mdomo. Viliwekwa kwa ajili ya mchapaji, vimwonyeshe pa kukata neno likifika ukingoni mwa mstari. Mchapaji haachi herufi moja peke yake mwishoni mwa mstari, kwa hiyo *open* inaweza kukosa kitone kabisa ingawa ina silabi mbili, na *open-minded* ina nne. *Lasting* hugawanywa last-ing kwa kuheshimu mzizi, ilhali wengi mdomoni husema las-ting.

Tena kuna mapokeo mawili. Noah Webster, mtunzi wa kamusi wa Marekani, katika kitabu chake cha kufundishia tahajia cha mwaka 1783, alitaka maneno yakatwe kadiri yanavyosikika, na Marekani ikafuata njia hiyo kwa kiasi kikubwa. Uingereza iliegemea zaidi asili ya neno. Ndiyo sababu *knowledge* ni knowl-edge upande mmoja na know-ledge upande wa pili, na matamshi hayatofautiani kwa ajili hiyo.

Kwa matamshi, viache vitone, usome mstari wa alama za kifonetiki ulio kando yake. Kwa uandishi, kivumishi chenye kistari kikifika ukingoni kikate kwenye kistari chake chenyewe, *absent-* juu na *minded* chini. Usikiongezee kistari cha pili mahali pengine, maana msomaji wa mstari unaofuata hatajua kipi ni cha neno na kipi ni cha ukingo.